Bia ya Jovita Haikutulia Mdomoni

Ulimi wa Jovita ulikuwa na kazi mbili, na watu wa Gatete waliziogopa zote mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kusema. Alimwambia katekista, mlangoni pa kanisa, kwamba anaimba kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Alimwambia mwenye baa mpya ya kando ya barabara kwamba kuku wake amekufa kwa uzee, si kwa kisu. Kazi ya pili ilikuwa kuonja. Tangu arudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, alikoishi tangu utotoni hadi akawa mama wa mtu, Jovita alipika impeke, pombe ya mtama, nyuma ya nyumba yake. Wapishi wengine walimletea zao kwenye kikombe, wakasimama mbele yake kama watoto wanaongoja fimbo. Akimeza, walishukuru. Akitema, walirudi nyumbani bila kuuliza sababu, maana sababu ingekuja yenyewe, kwa sauti, na majirani wote wangeisikia.

Alikuwa anatambua kimea kilichosahauliwa juani. Alikuwa anatambua sufuria iliyopikiwa maharage kisha ikaoshwa na mtu mwenye haraka.

Masika moja ikampata homa. Haikuwa homa ya kutisha. Alilala siku kadhaa, akatoa jasho, akamtukana kila aliyekuja kumpa pole, akainuka. Ulimi wa kusema uliinuka naye. Ule wa kuonja ulibaki kitandani.

Aligundua asubuhi, binti yake Irakoze alipomletea uji. Uji uliingia mdomoni ukiwa moto na mzito, ukapita kama tope la barabarani.

"Hukutia sukari," alisema Jovita.

"Nimetia, mama. Nimetia nyingi."

Jovita akasubiri binti atoke. Akajikokota hadi jikoni, akalamba chumvi. Ilikuwa mchanga tu. Akatafuna ndimu: mate yalimjaa, fizi zikasinyaa, lakini uchachu wenyewe haukuja. Mwisho akang'ata pilipili, ile ndogo ya mviringo ambayo watu huiogopa kwa jina. Iliwaka vizuri. Machozi yakamtoka, kamasi zikamtoka, lakini ulikuwa moto mtupu, hakuna kilichokuwa kinapikwa juu yake.

Hakumwambia mtu. Mpishi wa pombe asiyesikia ladha ni sawa na kinyozi kipofu, na Jovita aliwajua watu wa Gatete: wangemhurumia hadharani, kisha wangehamia kwa Agneta wa ng'ambo ya kijito, ambaye impeke yake aliwahi kuiita maji ya kuoshea miguu. Akaamua kutumia kilichobaki. Kilichobaki mdomoni mwake ni mguso. Akaanza kuisikiliza pombe kama mtu anayepapasa gizani. Impeke changa ilijilaza ulimini kama uji mvivu. Iliyoiva ilikwaruza koo kidogo na kuacha kitu kama miguu ya inzi pembeni mwa ulimi. Iliyopitiliza iliuma fizi. Kwa alama hizo aliendelea kupika kwa zaidi ya mwaka. Wateja walikunywa, na Boaz fundi wa baiskeli, aliyekuwa mteja wake wa kila siku, alilalamika mara mbili tatu kwamba pombe ya safari hii ina jambo. Jovita akamwuliza kama jambo lenyewe si mdomo wake, ambao mkewe alikuwa amekwisha kuulalamikia sokoni. Boaz akanywa.

Pengine siri hiyo angezikwa nayo, kama Irakoze asingependwa.

Aliyempenda ni Aksanti, fundi wa injini za boti, kijana mpole mwenye mikono inayonuka petroli. Tabu haikuwa Aksanti. Tabu ilikuwa baba yake, mzee Bahizire, aliyetoka upande wa Uvira zamani, akauza samaki Rumonge mpaka akawa na nyumba ya ghorofa moja isiyokwisha na makochi ambayo hayakutolewa nailoni. Alipokuja kwa Jovita kupanga siku ya mahari, alikaa, akakitazama kile chungu cha impeke na mirija yake, akajikohoza.

"Mama Irakoze," alisema, "sisi tutakuja na heshima yote. Lakini bazee ba kwetu hawafyonze pombe na murija kama mbu. Wanazoea bia ya kweli. Ya njano. Ya baridi. Ile unaona kidole chako ng'ambo ya glasi."

"Bia ya chupa imeadimika nchi nzima, mzee. Hata maaskofu wanakunywa chai."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Ilikuwa kweli imeadimika. Mwenye baa alisema hakuna mafuta ya malori, mwenye duka alisema hakuna chupa, na waliobaki walisema wanajua sababu lakini si ya kusemwa kwa sauti. Lori likionekana mjini, watu walilikimbilia kama limebeba ndugu zao. Mtu mwenye akili angemwambia Bahizire alete bia mwenyewe. Jovita alikuwa na akili, ila neno mbu lilikuwa limemwingia.

"Mtakunywa ya njano," alisema. "Mtakunywa mpaka mwone kidole changu ng'ambo ya glasi."

Kesho yake akaenda parokiani. Padri Sylvestre alikuwa amesoma Ubelgiji miaka mingi, na ilisemekana pembeni kwamba huko alijifunza kupika bia kutoka kwa rafiki yake mmoja, na kwamba nyuma ya jiko la parokia kulikuwa na pipa lisilohusika na maji ya baraka.

"Padri," Jovita alisema, "nasikia Wazungu walikufundisha mambo mawili, teolojia na bia."

"Nani amekwambia hivyo, mama?"

"Tumbo lako."

Padri alilitazama tumbo lake kama mtu anayemtazama shahidi aliyemsaliti. Kisha akafunga mlango, akaenda kwenye kabati la sakristia, akapapasa nyuma ya ubani na kutoa mfuko wa maua makavu ya kijani yenye harufu ambayo Jovita hakuisikia.

"Houblon," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo yanayoipa bia uchungu wake. Kimea chako cha mtama kitatufaa, na chachu ninayo. Lakini mama, hii si impeke, ya leo umepika na kesho kutwa watu wanaanguka. Hii inaitwa laga. Inaivia kwenye baridi, polepole. Inataka friji na inataka subira."

"Friji nitaazima. Subira utaleta wewe."

Friji aliazima kwa Généreuse. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Kivu Kusini, mnene, mcheshi, anayeuza samaki wa ziwani, mukeke na sangala, na kuwahifadhi kwenye friza kubwa jeupe lililosimama uani kama jeneza la tajiri. Kwa kuwa umeme ulikuja na kuondoka utakavyo, friza lile lilikuwa limesahau kugandisha. Lilipoza tu. Padri alipolipapasa ndani alisema ni baridi ya laga hasa, hata Ubelgiji wangeionea wivu.

"Kongelateri yangu iko ya samaki, Mama Irakoze," Généreuse alionya. "Bia yako itanuka sangala."

"Nitafunga bidoni vizuri, Mama Schékinah," alijibu Jovita, akimwita kwa jina la mwanawe. "Na ikinuka, hao wakwe ni wauza samaki, watajisikia nyumbani."

Wakapika. Bidoni, dumu la plastiki lenye bia, ikalala kati ya samaki kwa majuma, Jovita akilizunguka friza kama kuku mwenye mayai. Jumapili moja baada ya misa, watatu hao wakakaa uani kwa Généreuse na glasi mkononi. Kwa macho bia ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya njano, jua lilipita ndani yake, na Jovita alinyoosha kidole nyuma ya glasi akakiona.

Wakanywa.

Bia haikushuka. Ilijipaka. Iliteleza juu ya ulimi, ikateleza chini yake, ikapanda kwenye fizi na kuziacha laini kama sahani iliyoliwa mboga ya mafuta ikaachwa bila kuoshwa. Jovita alijaribu kuusimamisha ulimi wake dhidi ya meno, ukateleza ukaanguka. Padri alikuwa anatafuna bila kitu mdomoni. Généreuse alipanguza midomo kwa kiganja, akakitazama kiganja kama kina rangi nyekundu.

"Umetia mawese!" alisema.

"Mawese gani?"

"Bidoni hii ilikuwa ya nini mbele? Sema kweli. Mudomo wangu unateleza mpaka naogopa kuongea."

"Basi bia imefanya muujiza," alisema Jovita.

Padri akainua mkono. "Si mawese. Chachu haikumaliza kazi yake. Inapokaribia mwisho inataka kutolewa kwenye baridi siku chache, ipate joto, ijisafishe yenyewe. Mimi nilisahau kuwaambia. Ndiyo maana inateleza, na ndiyo maana ina ladha ile ya siagi. Umeisikia, mama?"

"Siagi nyingi mno," Jovita alisema haraka. "Imenichukiza."

Bia ya pili waliipa joto lake, na kuteleza kukaisha. Lakini Jovita, ambaye hakuwahi kutupa machicha ya mtama yenye chochote ndani yake, aliyamwagia maji yanayochemka akayakamua kama nguo. Safari hii midomo ilikauka. Ukakasi uliwashika kama wamekula ndizi mbichi na ganda lake. Mashavu yalinata kwenye meno, ulimi ukawa kitambaa cha gunia. Padri Sylvestre alikuwa na ubatizo mchana ule, na waumini walisimulia baadaye kwamba alimbatiza mtoto wa watu huku analamba midomo kama ng'ombe kwenye chumvi, na jina la mtoto alilitamka kwa awamu.

Ya tatu ndiyo iliyomfichua.

Umeme ulikuwa umekatika mfululizo, barafu ambayo Généreuse aliwanunulia samaki ikayeyuka, na asubuhi alikuwa anachota maji ya chini ya friza kwa kikombe na kuyamwaga mtaroni. Mteja akamwita barabarani. Akaweka kikombe juu ya kifuniko, akaenda. Jovita akaingia uani, akaona kikombe kimejaa kitu cha rangi ya ukungu, akajua amewekewa aonje. Akapiga funda kubwa. Akalizungusha kushoto, akalizungusha kulia, akafumba macho, akameza. Alipofumbua, Généreuse alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Schékinah, tumeshinda," Jovita alisema. "Ni nyepesi. Haitelezi. Ukakasi hakuna kabisa. Inakosa gesi tu, nayo tutaitia. Hii ndiyo tutawapa wakwe."

Généreuse alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Nini? Hukuipenda?"

"Mama Irakoze," alisema taratibu, "hiyo iko maji ya samaki."

Jovita alisikia kitu kigumu chembamba kimemnata kwenye mdomo wa chini. Akakibandua kwa kidole. Kilikuwa gamba la sangala.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini? Umesema tupatie wageni!"

Kicheko kikamtoka Généreuse kama maji ya bomba lililopasuka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa chini, kanga ikamfunguka akacheka hivyo hivyo. Kisha akaona Jovita hacheki. Jovita alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, lile gamba bado kidoleni.

Généreuse akajifunga kanga, akasogea.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu ile homa."

"Yesu wangu. Sasa ile chai yangu ya tangawizi, unaisifu kila siku?"

"Nasifu moto wake."

"Na sombe yangu ya majani ya muhogo, niliyokuletea Pasaka?"

"Ilikuwa laini sana," Jovita alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mama Schékinah, nakula kama natia kuni jikoni. Nimesahau hata chumvi ikoje. Usiku naota nakula nanasi, na hata ndotoni silisikii."

Généreuse akakaa naye kwenye ndoo, ambayo haikuwa imetengenezwa kwa watu wawili, sembuse wawili hao. Hakuwa na dawa. Akamshika mkono wenye gamba, wakakaa hivyo mpaka mteja mwingine akaita barabarani na yeye akamjibu kwamba leo samaki wamefiwa.

"Kuanzia leo ulimi wako ni mimi," alisema mwishowe. "Wewe utasema inakwaruza ao haikwaruze. Mimi nitasema iko tamu ao iko mubaya. Kati yetu wawili tuko na mudomo muzima."

Bia yenyewe ya tatu, walipoionja kweli, ilikuwa nzuri. Généreuse alisema ina uchungu wa kiungwana. Jovita alisema inapita kooni bila kugombana na mtu. Ikabaki kutia gesi. Padri alieleza kwamba kabla ya kuimimina kwenye chupa za plastiki za soda na kukaza vifuniko, inatiwa sukari kidogo, chachu iliyobaki iile, itoe mapovu. Généreuse akatia sukari kwenye bidoni, akakoroga, akaonja, akaridhika, akaenda sokoni. Jovita akaja baadaye. Akachovya kidole, akakilamba, akasikia unyevu tu. Angeweza kumsubiri mwenzake, lakini kusubiri hakukuwa kipaji chake. Akatia sukari tena, kwa mkono wa mama anayeoza binti wa pekee.

Siku ya mahari ilipofika, chupa zilikuwa ngumu kama mawe ya kusagia.

"Zimekaza sana," Généreuse alisema, akiibonyeza moja.

"Afadhali zikaze kuliko zilegee."

Turubai lilifungwa uani, viti vya kukodi vikapangwa pande mbili zikitazamana, na mchana wa joto wageni wakafika. Bahizire alivaa suti yenye lebo mkononi. Msemaji wao alikuwa mzee Yonasi, mfanyabiashara wa mawese kutoka Kigwena, mrefu, mwenye sauti ya redio na meno mapya ya bandia, ya juu na ya chini, aliyotengenezewa Bujumbura. Aliyapenda meno yale mno. Alitabasamu hata alipotoa pole. Upande wa Jovita msemaji alikuwa kaka yake mkubwa, Melkiades, mkulima wa michikichi huko Kizuka, ambaye hakusema sana ila alikuwa na subira ya mamba.

Kwa desturi, mwenyeji huonja kwanza, wageni wajue hawakuwekewa sumu. Jovita akafungua chupa ya kwanza. Ililia kama gurudumu la lori, na povu likamwagika hadi kwenye kiwiko. Akanywa kidogo. Ulimi mzima ukasimama nywele. Sisimizi walimkimbia toka ncha hadi kooni, wakageuka, wakarudi. Ilikuwa kali kuliko alivyotarajia, lakini wageni walikuwa wanamtazama.

"Amahoro," alisema, akijitahidi kutopiga chafya. "Iko salama. Karibuni."

Glasi zikajazwa, nusu bia nusu povu. Wazee wakanywa, na pale pale mazungumzo yakakatika. Kila mtu alikuwa na shughuli ndani ya mdomo wake. Mmoja alitoa macho. Shangazi wa Aksanti alishika mashavu kama anayezuia mlango. Bahizire alipiga mbweu iliyoanzia kwenye viatu, akatazama pembeni kana kwamba imetoka kwa mwingine, kisha akanyoosha glasi aongezewe.

Mzee Yonasi alikuwa amesimama, yuko katikati ya hotuba. Alikuwa amekwisha kuzungumzia uumbaji wa ziwa na sasa alikuwa anaukaribia uumbaji wa ng'ombe. Akapumzika kulowanisha koo. Akapiga funda la kishujaa.

Mapovu yakaingia chini ya meno ya juu. Yakaingia chini ya meno ya chini. Yakatafuta njia ya kutoka, hayakuipata, yakaanza kuinua. Yonasi alisikia tabasamu lake linaondoka mahali pake. Akafunga mdomo. Mashavu yakavimba. Ndani mle kitu kilikuwa kinapiga kwa, kwa, kwa, kama kwato, na waliokaa viti vya mbele walikisikia.

Melkiades alimtazama kwa makini. Akasimama polepole.

"Mzee mwenzangu," alisema, "tumekusikia. Na katika kukusikia tumeelewa kwamba kwa ajili ya binti yetu mnaongeza ng'ombe mmoja juu ya wale tuliopatana. Je, tumekusikia vibaya?"

Yonasi alitoa macho. Kukataa kulihitaji mdomo. Angeufungua, meno ya Bujumbura yangetua miguuni pa wakwe. Alitikisa kichwa kuashiria hapana, lakini mtikiso wa kwanza tu uliyaharibia meno usawa wake, ikabidi akiinamishe kichwa haraka kuyazuia. Chini, juu, chini.

"Amekubali," alisema Melkiades, akakaa. "Murakoze cane, asanteni sana."

Akinamama wakapiga vigelegele. Bahizire akamgeukia msemaji wake, "Umekubali nini, Yonasi?" Yonasi akaonyesha mdomo wake kwa kidole, akakimbilia nyuma ya migomba.

Jovita alikuwa na bia mdomoni wakati huo. Alijizuia. Aliwaza kifo, aliwaza kodi, aliwaza mahubiri ya Kwaresima. Kisha akasikia kwa mbali, kutoka migombani, kwa, kwa, kwa, na bia ikatafuta njia ikampata puani. Ilimchoma mpaka nyuma ya macho. Akakohoa, akainama, akapanguza uso kwa kanga, na alipofunga mdomo tena, kando ya ulimi, huko nyuma kabisa, kulikuwa na kitu.

Hakikuwa mguso. Hakikukwaruza, hakikuteleza, hakikuchoma. Kilikuwa kimekaa tu.

Akanywa tena. Kikaja tena.

"Ni chungu," alisema.

Watu wakageuka.

"Ni chungu! Jamani, bia ni chungu! Ni chungu kabisa!"

Glasi zikashushwa. Bahizire aliiweka yake chini kwa hadhari, akaisukuma mbali kwa kidole.

"Kama mupishi mwenyewe anasema iko chungu," alisema, "sisi tunanywa nini hapa?"

Jovita hakumsikia. Alikuwa anakunywa na kulia na kucheka, povu limemjaa kidevuni. Irakoze alikuwa amesimama akiwa amejifunika uso kwa viganja, anaona ndoa yake inakwenda. Ndipo Généreuse akainuka.

"Bazee, muketi," alisema. "Huyu mama hakuna kitu alisikia mu mudomo zaidi ya mwaka. Sukari, chumvi, hakuna. Homa ilichukua ladha yote. Alikunywa maji ya samaki mu kongelateri yangu, akasema tuwapatie ninyi."

"Mama Schékinah!" Jovita alifoka.

"Uongo? Ulisema haitelezi!"

Wageni wakatazamana, wakiamua kama wakasirike. Kisha shangazi wa Aksanti akaanza kucheka, Melkiades akafuata, na mwishowe hata Bahizire, mabega yakimtikisika ndani ya suti. Boaz, aliyekuwa nyuma amekaa karibu na chupa, hakucheka. Alikuwa anahesabu kitu kichwani.

"Zaidi ya mwaka?" aliuliza. "Kumbe ile pombe ya jambo, nilikuwa na haki?"

"Ulikuwa na haki, Boaz," alisema Jovita, "lakini mdomo wako pia unanuka. Sasa si nitakuwa nausikia karibuni!"

Bahizire aliivuta tena glasi yake. Alionja kwa uangalifu, kama anatafuta kile alichokipata mwenzake. "Ni chungu kweli," alikubali. "Ya kweli iko hivyo." Akamnyooshea Jovita glasi, naye akamjazia, na kuanzia hapo sherehe haikuwa na adabu tena mpaka jua lilipozama upande wa Kongo.

Ng'ombe wa ziada aliletwa. Yonasi alidai kwamba kichwa kilichoinama hakikuwa chake bali cha bia, lakini Aksanti mwenyewe alisema apewe mama, basi yakaisha. Irakoze na Aksanti walifungishwa ndoa kanisani na Padri Sylvestre, ambaye alimwita Jovita pembeni akamsihi asiliite jambo lile muujiza mbele za watu.

"Wataanza kuja na wagonjwa," alisema. "Halafu Askofu ataniuliza maua yametoka wapi."

"Basi niseme nini?"

"Sema ni homa iliyoisha."

Jovita akasema hivyo, kwa wale waliostahili kuambiwa hivyo.

Ladha haikurudi yote. Ulirudi uchungu kwanza, na kwa majuma mengi ulikuwa peke yake. Jovita aliufuata kila ulikokuwa: alitafuna majani ya mlulunza, alitafuna maganda ya chungwa, alipasua vidonge vya malaria akavilamba, ameegemea ukuta wa nyumba yake, kwa furaha iliyomtia binti yake wasiwasi. Baadaye, siku moja akila ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa, chumvi ikamgonga mlango. Alisimama wima na sahani mkononi. Uchachu ukaja mvua zilipoanza, nusunusu. Impeke yake ikawa nzuri tena, na Agneta wa ng'ambo ya kijito akaanza tena kuogopa. Laga alipika mara mbili nyingine, houblon ya padri ikaisha, na Bahizire akawa anatuma watu kuuliza kama ile bia ya kupiga mbweu haipo.

Utamu tu ndio haujafika. Généreuse haamini kwamba hautafika. Kila anapopita soko la Rumonge anarudi na kitu: nanasi, papai, miwa, mara moja keki yenye maua ya waridi juu yake. Anakata kipande, anakiweka kwenye ulimi wa jirani yake kama padri anayekomunisha, na kumkazia macho.

"Eh? Unasikia?"

"Nyuzi," anasema Jovita. "Maji. Inawasha kidogo pembeni."

"Na tamu?"

"Bado."

"Ngoja," anasema Généreuse, akifuta kisu kwenye kanga. "Kesho naleta embe."